Ripoti ni Kijani, Mzigo Umerudi: Kutafuta Chanzo cha Kasoro Uzalishaji Ukihamia Ng'ambo

Haya nimeyaandika kwa ajili ya mtu wa idara ya ubora katika kampuni iliyohamishia uzalishaji wake nchi nyingine, huku programu ya ubora ikiendelea kama kawaida. Mabango yako ukutani, mkutano wa Jumatatu upo, wenye mikanda ya kijani na myeusi ya Six Sigma (mfumo wa kupunguza kasoro kwa vipimo na takwimu, na mikanda ni ngazi za mafunzo yake) wapo, na cheti cha ISO 9001 cha usimamizi wa ubora kinang'aa kwenye fremu pale mapokezi. Na bado bidhaa zinarudishwa.

Kwanza weka kando wazo kwamba kosa ni "la Wachina" au la yeyote aliyepokea kazi. Huenda ni lao. Ila ukianzia hapo hutachunguza kwingine, na mara nyingi kasoro huwa imetoka kwetu, imesafiri pamoja na michoro na kalibu. Wala usiseme kwamba programu hizi ni porojo. Motorola ndiyo iliyobuni Six Sigma katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 1988, tuzo ya ubora ya Malcolm Baldrige ya Marekani ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikuwa miongoni mwa washindi. Zana zenyewe ni nzuri. Shida ni kwamba zinamtaka anayeiona kasoro na anayeweza kuiondoa wawe jirani, na kuhamisha kiwanda ndiko kunakowatenganisha.

Dalili: ukaguzi umepita, wateja wanarudisha

Anza na hesabu, kabla hujamtuhumu mtu.

Mkaguzi wako kule anafuata jedwali la sampuli. Kwa shehena ya vipande 1,201 hadi 3,200, ukaguzi wa ngazi ya kawaida na kikomo cha AQL 2.5 (kiwango cha vibovu kinachokubalika, hapa asilimia 2.5), jedwali linamwambia achukue vipande 125. Akikuta vibovu 7 au pungufu, apitishe. Akikuta 8, akatae. Sasa chukua shehena ambayo asilimia 5 yake ni mibovu. Kwa kanuni hiyo itapita karibu mara saba katika kila kumi. Ikiwa ni shehena ya vipande 3,000, vibovu 150 vimepanda meli vikiwa na muhuri na sahihi, na mkaguzi hakusinzia wala hakuhongwa. Amefanya kile hasa mlichokubaliana kumlipa.

Hapa ndipo kampuni nyingi huwa na ndimi mbili ndani ya nyumba moja. Kwenye ripoti ya mwaka zinajivunia Six Sigma, yaani kasoro 3.4 kwa kila nafasi milioni moja za kukosea. Kwenye mkataba wa ununuzi zinaandika AQL 2.5, ambayo ni vibovu 25,000 katika milioni. Aliyeandika ripoti na aliyeandika mkataba hawajawahi kukaa meza moja.

Ili kujua chanzo, kusanya bidhaa zilizorudishwa na uzipange kwa aina ya kasoro. Kasoro ambayo haimo kabisa kwenye orodha ya mkaguzi ni ya orodha, na orodha uliiandika wewe. Ikiwa imo na kiwango chake ni asilimia mbili, tatu au nne, hiyo ni sampuli yako, imefanya kazi kama ilivyopangwa. Ukitaka zaidi kaza kikomo na ulipie. Ikiwa imo na kiwango ni kikubwa mno, uliza nani alichagua maboksi ya kukaguliwa. Kiwanda kikimwandalia mkaguzi maboksi karibu na mlango, pamoja na kiti na chai, basi amekagua maboksi ya mlangoni tu. Apande mwenyewe hadi nyuma ya rundo.

Na usisahau safari. Hewa ndani ya kontena hupata joto mchana na kupoa usiku, maji yanajikusanya kwenye paa na kudondoka. Ukikuta kutu au ukungu, andika kila boksi lilikaa wapi ndani ya kontena. Kasoro zikijazana safu ya juu na zile za katikati zikiwa safi, hapo unahitaji vifyonza unyevu, si barua ya lawama kwa kiwanda.

Dalili: sampuli ilikuwa safi, mzigo wa nne ni hovyo

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua hii bila kuhudhuria semina. Oda ya kwanza inameremeta. Ya pili ni nzuri. Kufika ya nne, waya umekonda na skrubu zimekuwa laini kama udongo.

Chanzo kikubwa ni bei, na aliyeibana ni nyinyi. Idara ya manunuzi inapewa bonasi kwa kushusha bei kila mwaka, idara ya ubora inapewa bonasi kwa kupunguza kasoro, na katikati yao kuna mwenye kiwanda ambaye hana pengine pa kukata isipokuwa kwenye malighafi. W. Edwards Deming, yule Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha Wajapani udhibiti wa ubora mwaka 1950, aliliweka wazi kabisa miongoni mwa mambo yake 14: acheni kununua kwa kutazama bei peke yake. Kampuni nyingi zilizobandika mambo hayo 14 ukutani zilikuwa na mnunuzi aliyekaa chini ya bango hilohilo akiomba punguzo.

Chanzo cha pili ni kazi kugawiwa chini kwa chini. Mfano wake unajulikana dunia nzima. Agosti 2007 Mattel, kampuni ya vinyago ya Marekani, ilirudisha vinyago vilivyopakwa rangi yenye risasi, ile madini ya sumu. Kimoja kilikuwa gari dogo liitwalo Sarge. Mattel ilimpa kazi Early Light, naye akampa kazi ya kupaka rangi mkandarasi mdogo aitwaye Hong Li Da. Huyu wa mwisho alitakiwa atumie rangi iliyoidhinishwa, atakayopewa na Early Light. Kwa maelezo ya Mattel, alitumia rangi ya msambazaji mwingine ambaye hakuidhinishwa. Hesabu ngazi: chapa, kiwanda, mkandarasi mdogo, muuza rangi. Chapa ikikagua ngazi moja tu chini yake, zile mbili za mwisho hazina anayezitazama.

Vipimo viwili vya haraka. Cha kwanza ni mizani. Pima vipande kumi vya oda ya kwanza na kumi vya oda ya sasa. Plastiki ikipungua unene au shaba ikipungua ndani ya mota, mizani inasema siku hiyohiyo, bila maabara. (Ndiyo maana sampuli uliyotia sahihi hukai nayo kama pambo. Inafungiwa kabatini, na funguo unazo wewe.) Cha pili ni hesabu ya uwezo. Kiwanda kina mashine ngapi, kila moja inatoa vipande vingapi kwa zamu, na mwezi huo walikuletea vingapi? Ikiwa mashine zao zote zikikesha hazifikii nusu ya mzigo uliopokea, nusu nyingine ilitengenezwa mahali ambapo hujawahi kufika.

Dalili: kasoro ileile inarudi baada ya ripoti tatu za marekebisho

Fungua ripoti hizo usome safu ya "chanzo". Ukikuta "mfanyakazi hakuwa makini" na kwenye "hatua iliyochukuliwa" ukakuta "amefundishwa upya", ujue hakuna aliyetafuta chanzo. Wamejaza fomu kwa sababu fomu inadai kujazwa. Hata wewe ungejaza hivyo, kama ungeandikiwa barua kali na mtu aliye mbali saa tano za majira, ambaye hataki kusikia kwamba mchoro wake ndio mbovu.

Kwa hiyo nenda kwenye mchoro. Rudi kwenye mkasa uleule wa Mattel. Vinyago vingi zaidi vilivyorudishwa mwaka ule, takriban milioni 18 duniani, havikuwa na shida ya rangi. Vilikuwa na sumaku ndogo zenye nguvu zinazoweza kuchomoka na kumezwa na mtoto, na hilo lilikuwa kosa la usanifu. Kiwanda kilitengeneza kama kilivyoelekezwa. Septemba 2007 mmoja wa viongozi wa Mattel, Thomas Debrowski, alikwenda Beijing kuomba radhi, akakiri kwamba sehemu kubwa ya bidhaa zilizorudishwa ilitokana na usanifu wa kampuni yenyewe. Wakati huo dunia ilikuwa imeshaimba miezi miwili kuhusu vinyago vya China.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Louisville, Kentucky. GE (General Electric) ilikuwa kampuni iliyoishikilia Six Sigma kuliko karibu nyingine yoyote. Mkuu wake, Jack Welch, aliitangaza mwaka 1995 na kufungamanisha vyeo vya mameneja nayo. Miaka ileile ajira zilikuwa zikipungua Appliance Park, eneo lao la viwanda vya vyombo vya nyumbani, na kazi nyingi zikihamia ng'ambo. Baadaye ilibuni hita ya maji iitwayo GeoSpring na kuitengenezea China. Kisha iliamua kuirudisha Louisville, na mwaka 2012 uzalishaji ukaanza huko. Wabunifu, wahandisi na watu wa laini ya uzalishaji walikaa pamoja, wakaifungua ile hita mezani, na ndani wakakuta mabomba ya shaba yamejisokota kiasi kwamba kuyachomelea ni adhabu. Nani aliwahi kulalamika? Wachomeleaji walikuwa bara jingine, na mbunifu alichokiona ni ankara tu. Waliisanifu upya. Saa za kazi kwa kila hita zikashuka kutoka kumi hadi mbili, gharama ya vifaa ikashuka kwa robo, na bei dukani ikatoka dola 1,599 hadi 1,299, ikitengenezwa na Wamarekani wenye mishahara ya Kimarekani.

Nisiwe mshabiki: hita ile haikuuzika vya kutosha, na mwaka 2016, mwaka ambao GE iliiuzia Haier ya China biashara nzima ya vyombo vya nyumbani, ilitangazwa kuwa uzalishaji wake unasitishwa. Lakini swali letu hapa ni kasoro, na jibu la kasoro lilikuwa pale mezani.

Tiba basi: mpeleke mbunifu akakusanye bidhaa yake kwa mikono yake kule kiwandani, zamu nzima, vipande 50. Asiende kama mgeni mwenye koti jeupe, akae kwenye kiti cha laini. Tiketi ya ndege ni rahisi kuliko kontena moja lililokataliwa.

Dalili: kasoro imeshajulikana, lakini mibovu inazidi kufika

Hii ni hesabu ya bomba refu. Tuseme kiwanda kinatoa vipande 2,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Mzigo unakaa wiki tano kati ya kiwanda, meli na bandari, kisha wiki mbili ghalani kabla ya mteja wa kwanza kufungua boksi. Siku anayopiga simu kulalamika, nyuma yake kuna vipande 84,000 vyenye kasoro ileile, baharini na ghalani. Hakuna mkutano wa Jumatatu utakaovifuta.

Usipoteze nguvu kuharakisha ripoti. Fupisha umbali kati ya kutengeneza na kujaribu: chukua vipande vichache kutoka kila zamu, vitumwe kwa ndege, vitumike kama mteja anavyovitumia, viungue au vivunjike mikononi mwako wiki ya kwanza.

Dalili: bei ya ununuzi imeshuka, faida haionekani

Fupi hii. Kusanya kwenye karatasi moja nauli, ushuru, mtaji uliolala baharini, safari za wakaguzi, mizigo ya ndege ya dharura na bidhaa zilizorudishwa. Idara tofauti zinalipa kila kimoja, kwa hiyo hakuna anayeona jumla. Welch alipata kusema mwaka 1998 kwamba ingependeza kila kiwanda kiwe juu ya tishari, kikokotwe kufuata mabadiliko ya sarafu na uchumi. Tishari hurudi nyuma kwa urahisi, kiwanda hakirudi. Eveready ilifunga kiwanda chake cha Nakuru mwaka 2014 na betri zikawa zinatoka Misri; mashine na watu wakishatawanyika hivyo, huamki asubuhi ukasema umebadili mawazo.

Dalili: karatasi zimetimia, kazi haikutimia

Tarehe 5 Januari 2024, kipande cha ukuta cha ndege ya Boeing 737 MAX 9 ya Alaska Airlines kilichomoka angani muda mfupi baada ya kuruka kutoka Portland. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, walikuta boliti nne zilizopaswa kukishika hazikuwepo. Kiwiliwili cha ndege kilitoka kwa Spirit AeroSystems, Wichita, kiwanda ambacho Boeing ilikiuza mwaka 2005. Kilifika kiwanda cha Boeing cha Renton kikiwa na ribiti zinazohitaji kurekebishwa, kipande cha ukuta kikafunguliwa ili kuzifikia, na kumbukumbu ya kufunguliwa huko haikupatikana.

Kati ya Wichita na Renton hakuna bahari. Ni majimbo mawili ya nchi moja, na mpaka wa kampuni ukatosha. Penye makabidhiano ya kazi isiyokwisha, tafuta kazi isiyo na mwenyewe: nani anasahihisha, kwa fomu ya nani, na nani anafunga alichofungua mwenzake? Mwaka huohuo wa 2024 Boeing ilikubali kuinunua tena Spirit.

Dalili: sanduku la maoni limekauka

Hapa mameneja huleta mshauri wa hamasa, fulana na keki. Hakuna haja. Nenda kamuulize mfanyakazi yeyote wa zamu ya usiku nini kiliwapata waliotoa maoni mara ya mwisho.

Nilifanya kazi katika kiwanda kimoja cha plastiki Dar es Salaam, jina silitaji. Tulikuwa na kaizen (kuboresha kazi kidogo kidogo kwa mawazo ya wafanyakazi wenyewe) na 5S, ule utaratibu wa kupanga na kusafisha sehemu ya kazi ambao wengi wetu tuliusikia kwanza hospitalini. Timu ya laini ya tatu ilichora kila hatua ya kazi yao, ikapiga picha, ikapima muda, ikapunguza muda wa kubadili kalibu hadi chini ya nusu. Walipigiwa makofi. Baada ya miezi kadhaa faili lao, picha zote na vipimo vyote, lilitumwa Guangdong, China, kama maelekezo ya kuhamisha laini, na wao wakapewa barua za kuachishwa kazi. Laini ya nne na ya tano hawakutoa wazo hata moja tena, na meneja alishangaa kwa dhati kabisa.

Tiba ipo na ilishajaribiwa mahali pagumu. GM (General Motors) ilifunga kiwanda chake cha magari cha Fremont, California, mwaka 1982. Utoro ulikuwa umefikia mmoja kati ya watano. Mwaka 1984 kilifunguliwa upya kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi wa walioajiriwa walikuwa walewale wa zamani. Wakapewa kamba ya kuvuta kusimamisha laini wanapoona kasoro. Kamba hiyo watu huizungumzia sana. Kisichozungumzwa ni ahadi ya kutopunguza watu iliyoandikwa kwenye mkataba, ambayo ilitekelezwa: mauzo yaliposhuka mwishoni mwa miaka ya 1980, waliobaki bila kazi ya laini walipelekwa mafunzoni, hawakufukuzwa. Kamba unaweza kuinunua dukani. Kama ahadi huwezi kuitoa, usiweke sanduku.

Dalili: maelekezo yameandikwa, yamefuatwa, na kasoro ipo palepale

Hii huja mwisho kwa sababu lazima uchunguze kwanza zote zilizotangulia. Ukifika hapa, kinachokosekana hakikuwahi kuandikwa.

Ile laini ya tatu ilitengeneza maganda ya vifaa vya umeme kwa plastiki ya ABS. Guangdong walipoanza, yalitoka na michirizi inayometameta kama njia ya konokono. Kila mtu wa plastiki anajua maana yake: chembechembe zina unyevu, ukiziyeyusha maji yanageuka mvuke. Lakini fomu yetu ilisema zikaushwe saa mbili kwa nyuzi 80, na wao walikausha saa mbili kwa nyuzi 80. Walituma picha za geji na saa. Tuliandika ripoti tatu, wakawafundisha upya watu walewale mara tatu.

Mwishowe mtu mmoja alipata ujasiri wa kumpigia simu fundi wetu wa zamani, aliyekuwa ameshapewa barua na sasa anauza vifaa vya ujenzi. Tulijiandaa kwa matusi. Alisikiliza, kisha akauliza, "Huko kunanyesha?"

Miaka yote ile, wakati wa masika, alikuwa anatia mkono kwenye magunia alfajiri. Yakiwa na ubaridi wa majimaji alikausha saa nne. Yakiwa makavu, mbili. Timu ya kaizen ilipopita na saa yao kupima hatua zake ulikuwa mwezi wa Agosti.

Kwa hiyo, kabla laini haijafungwa, kaa na kila anayegusa mashine na umuulize anafanya nini ambacho hakimo kwenye fomu: siku ya mvua, umeme ukiyumba, gunia likitoka kwa msambazaji mwingine. Kaa naye misimu yote ya mwaka ikiwezekana. Mlipe kwa hilo, na umlipe aende kule kuwaonyesha, kabla ya barua na si baada yake. Ikiwa umeshachelewa, simu bado ni rahisi. Fundi wetu alilipwa siku mbili za ushauri, baada ya mabishano na idara ya fedha ambayo haikuwa na kifungu cha kumlipa mtu iliyemwondoa.

Fomu mpya haina saa. Ina kipimo cha unyevu wa chembechembe, na mstari unaosema zisiingie mashineni hadi kifikiwe, hata kama itachukua saa sita.